Gesi ya AC haiishi, inavuja: naomba mrekebishe ushauri wenu kwa sisi wenye gari za zamani

Ndugu Mhariri,

Habari za kazi. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi na ukurasa wa magari huwa naanza nao hata kabla sijaangalia habari za mbele, ndo maana hili limenishinda kulinyamazia. Kwenye toleo la wiki iliyopita mmeandika kwamba mwenye gari ya zamani aongeze gesi ya AC kila mwaka kama anavyomwaga oili ya injini, afu mkaongeza kwamba gari zilizotoka kiwandani na gesi ya zamani, R12, zinajazwa tu gesi mpya, R134a (wengi tunaiita 134), kwa kutumia adapta na maisha yanaendelea. Ni sentensi mbili tu lakini nawaombeni sana mzirekebishe, kwa sababu mi nilifanyiwa hivyohivyo na kompresa ikafa, na najua kuna watu wameikata hiyo karatasi wameiweka kwenye dashibodi wakiamini ni ushauri wa kitaalamu.

Nianze na hiyo ya kila mwaka. Gesi ya AC haiishi. Petroli inaungua, oili ya injini inachakaa, brekipedi zinalika, lakini gesi ya AC haitumiki na chochote, yenyewe inazunguka tu ndani ya mabomba, kompresa inaisukuma ikiwa na presha na joto, inafika kwenye kondensa pale mbele ya rejeta inatoa joto lake nje na kugeuka kimiminika, inapita kwenye tundu jembamba la ekspansheni valvu, presha inaanguka, inachemka ndani ya evapareta huku ikinyonya joto la ndani ya gari, afu inarudi kompresa kuanza upya. Ni duara lililofungwa. Ikipungua maana yake imetoka, na kama imetoka kuna mahali imepitia, hapo ndo pa kuanzia.

Angalia friji ya nyumbani. Friji inakaa miaka 15 au 20 inagandisha tu na hakuna siku fundi ameitwa kuja kuongeza gesi, na ni kwa sababu mota na kompresa yake vimefungiwa pamoja ndani ya kopo la chuma lililochomelewa pande zote, mabomba yameungwa kwa moto, gesi haina pa kutokea. Ya gari haiwezi kutengenezwa hivyo. Kompresa inazungushwa na mkanda wa injini kwa hiyo lazima shafti ichomoze nje, na shafti inayochomoza inataka sili, afu injini inatikisika wakati bodi imetulia kwa hiyo mabomba mengine lazima yawe ya mpira. Udhaifu wote uko hapo, kwenye sili ya shafti, kwenye oringi za maungio, kwenye zile valvu ndogo zinazofanana na za tairi wanapochomeka geji, kwenye kondensa inayopigwa na mawe ya barabarani, na kwenye evapareta iliyojificha ndani ya dashibodi ambako unyevu na uchafu vinakaa miaka mpaka alumini inaliwa.

Sikatai, gari ya miaka 30 inapoteza kidogo kidogo kupitia mpira na ile sili, na baada ya miaka kadhaa AC inaanza kupoa kivivu, hiyo ni kawaida ya umri. Na kuna dawa ya bure ambayo wengi hawaijui, washa AC dakika 10 hivi kila wiki hata kama hakuna joto, kwa sababu oili ya kompresa inasafiri pamoja na gesi na ndo inayoilowesha ile sili ya shafti, ukikaa miezi hujawasha sili inakauka na gesi inapata njia. Lakini gari inayodai gesi kila mwaka hiyo sio umri tena. Hiyo inavuja, na kuijazia kila mwaka ni sawa na kumwongezea mtu maji kwenye ndoo yenye tundu na kumdai hela kila safari.

Na mahali panapovuja mara nyingi panajionyesha penyewe mtu akiwa na subira. Gesi ikitoka inatoka na oili, gesi inapotea hewani lakini oili inabaki pale pale na vumbi linaigandia, kwa hiyo ungio linalovuja linakuwa na doa jeusi lenye unyevunyevu wa mafuta wakati maungio mengine yote ni makavu. Gari yangu ilikuwa na doa la namna hiyo kwenye bomba linaloingia kondensa, ukubwa wa kidole gumba, nimelipita miaka nikidhani ni uchafu wa injini. Fundi aliyekuja kuniokoa baadaye (nitamfikia) aliliona ndani ya dakika tano kwa tochi, akapitisha kidole, akanusa, akasema hapa. Kama hapaonekani kwa macho zipo njia, kuna rangi wanaingiza kwenye mfumo inang'aa ukimulika kwa taa ya urujuanimno, kuna kifaa kinacholia kikinusa gesi, na kuna kujaza naitrojeni kavu kwa presha afu unapaka povu la sabuni kila ungio unatazama wapi panatoa mapovu. Naitrojeni nimesema, sio oksijeni. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka, na hata hewa ya pampu ya tairi isitumike, kwanza inaingiza unyevu na pili gesi ya 134 ikichanganyika na hewa ndani ya presha kubwa inaweza kushika moto.

Sasa yaliyonikuta. Gari yangu ni sedani ya mwaka 1990, yaani imetoka na gesi ya R12, ile ambayo watu wazima wengi wanaiita Freon kwa jina la biashara. Miaka ile ndo ilikuwa mwisho mwisho wa R12 kwenye magari, viwanda vilihamia R134a kati ya mwaka 1992 na 1994 hivi, kwa hiyo ukitaka kujua yako ni ipi angalia kibandiko chini ya boneti, na kama hakipo angalia nozeli za kujazia, za R12 ni za kufunga kwa nyuzi kama parafujo na za 134 ni nene zaidi za kubana kwa kubonyeza, na ya presha kubwa haiingiliani na ya presha ndogo. Walizitofautisha makusudi ili mtu asichanganye. Hiyo adapta mliyoisifia gazetini kazi yake peke yake ni kuruka hicho kizuizi, haibadilishi chochote kingine ndani.

AC ikawa haipoi, nikaenda gereji moja, sitaitaja jina. Kijana wa pale alifunga adapta, akachomeka geji, akasema bosi gesi imepungua, akaanza kumimina 134 juu ya kile kilichobaki cha R12. Hakunyonya ya zamani, hakubadilisha oili, hakupima kitu. Alichofanya ni kuinama kwenye kile kijioo cha duara kilicho juu ya drayari, lile kopo la kunyonya unyevu, kwenye mfumo wa R12 fundi alikuwa anachungulia pale, akiona mapovu yanapita anajua gesi haijatosha, mapovu yakiisha anafunga. Na mimi nikainama naye. Niliyaona kwa macho yangu, maziwa maziwa yenye mapovu yanakimbia ndani ya kile kijioo, akaongeza, yakapungua, akaongeza tena, yakawa machache, akaongeza tena mpaka kioo kikawa cheupe kabisa kama hakuna kitu ndani, akanigeukia anafurahi, bosi imejaa hiyo. Ndani kulikuwa na baridi kweli. Nikalipa nikaondoka nikimshukuru.

Kumbe kile kijioo ni cha R12. Ukiweka 134, hasa ikiwa inazunguka na oili isiyochanganyika nayo, mapovu yanaonekana hata gesi ikiwa ya kutosha, kwa hiyo ukisubiri yaishe umeshajaza kupita kiasi. Kijana alifuata alichofundishwa na aliyemtangulia, na aliyemtangulia alikuwa sahihi kwa gesi ya wakati wake.

Ilipoa kama wiki mbili. Afu nikawa nasikia AC inajizima nikiwa kwenye foleni na kurudi nikianza kutembea. Mgandamizo wa 134 upande wa presha kubwa uko juu kuliko wa R12 gari ikiwa kwenye joto, jaza kupita kiasi, changanya gesi mbili ambazo zikiwa pamoja zinatoa presha kubwa kuliko kila moja peke yake, weka na feni ya kondensa iliyozeeka, swichi ya presha inakata kuokoa mabomba. Baadaye ukaanza mlio, kama kijiko kinakwaruza sufuria, kila klachi ya kompresa ikishika. Afu siku moja mkanda ukalia kelele, moshi ukatoka mbele, kompresa imekwama haizunguki.

Sababu kubwa ilikuwa oili, na hapa ndo naomba wasomaji wenu wanisikilize. Kompresa nyingi za AC za magari hazina sampo, yaani bakuli la oili chini, kama injini, oili inazungushwa na gesi yenyewe, inatoka kompresa inapita kondensa na evapareta na inarudi. Gari za R12 zilikuwa na oili ya madini, na R12 inaiyeyusha vizuri tu inaibeba popote. R134a haiyeyushi oili ya madini. Zinakaa mbalimbali kama maji na mafuta ya taa, kwa hiyo gesi inazunguka na oili inabaki imelala chini ya evapareta na kompresa inasaga kavu. Geji haikuambii hilo, na ubaridi haukuambii, AC inapoa huku kompresa inakufa. Ndo maana gari za 134 zinatumia oili inayoitwa PAG, na kwa gari inayogeuzwa kutoka R12 mafundi wengi wanapendelea oili ya esta, kwa sababu inavumilia mabaki ya oili ya zamani na ya klorini ya R12 kuliko PAG, na PAG inanyonya unyevu wa hewani haraka sana, chupa ikiachwa wazi mchana kutwa imeshaharibika.

Fundi wa pili ni mtu mzima, amefanya AC za magari tangu enzi za R12. Nilipomfikishia gari hakuuliza hata AC imefanyaje, aliuliza "kaka, ilijazwa gramu ngapi?" Nikabaki namtazama. Sikuwa najua kwamba gesi ina gramu. Akanifungulia boneti akanionyesha kibandiko kilichofubaa ambacho mimi na yule kijana wote tulikuwa tumekiegemea kwa viwiko, kimeandikwa R12, gramu 900. Akafungua ungio karibu na kompresa iliyokufa, akachovya kitambaa cheupe, kikatoka na tope la kijivu linalong'aa, ni alumini ya ndani ya kompresa imesagika ikachanganyika na oili. Akasema hilo tope limeshasafiri mpaka kondensa, ukifunga kompresa mpya bila kulitoa na hiyo mpya itakufa.

Kazi aliyoifanya nitaieleza kidogo, maana hiyo ndo maana ya neno kugeuza, sio adapta. Alinyonya gesi yote kwa mashine ikaingia kwenye mtungi wa pembeni, akaandika juu yake mchanganyiko, kwa sababu gesi mbili zikishachanganyika huwezi kuzisafisha gereji ukazitumia tena, na ukimwingizia mtu mwingine umemharibia na yeye. Akasafisha mabomba, kondensa akaikataa akaweka nyingine, akabadilisha drayari, na hilo la drayari ni lazima kwa sababu punje za kunyonya unyevu zilizowekwa kwa ajili ya R12 sio zote zinazovumilia 134 na oili yake, na hata kama sio gesi mpya, mfumo ukishakaa wazi drayari imeshashiba unyevu. Akabadilisha oringi zote alizozifungua, mpya zilikuwa za kijani, akazilowesha oili kwa kidole moja moja kabla ya kuzivisha. Kompresa mpya akaipa oili ya esta kwa kipimo. Mabomba ya mpira ya zamani akayaacha, akanieleza kwamba 134 ina molekyuli ndogo inapenya mpira kirahisi kuliko R12, lakini mpira uliokwisha kulowa oili miaka yote hiyo unazuia vizuri, yakija kuchoka tutaweka yale yenye ngozi ya plastiki ndani.

Afu vakyumu. Yule kijana wa kwanza aliniambia vakyumu ni ya magari mapya, naomba nilijibu hilo hapa. Pampu ya vakyumu kazi yake sio tu kutoa hewa, inatoa maji. Presha ya hewa tunayopumua ni kama kilopaskali 101, ukiishusha chini ya 3 maji yanachemka yenyewe kwenye nyuzijoto 25 bila moto wowote, yanageuka mvuke na pampu inayavuta. Inataka muda, nusu saa ni kidogo, dakika 45 ni bora, na mfumo uliokaa wazi uongezewe. Maji yakibaki yanafanya mawili, yanakutana na gesi na oili yanatengeneza asidi inayokula mfumo taratibu, na yanaganda kwenye lile tundu la ekspansheni valvu. Ukiona AC inapoa vizuri robo saa afu inatoa hewa vuguvugu, unazima, unasubiri, ukiwasha inapoa tena robo saa, hiyo ni barafu inaziba na kuyeyuka, na mtu atakwambia ongeza gesi. Baada ya kufunga pampu alituacha tukae tunatazama mshale wa geji nusu saa nyingine, haukusogea. Ungesogea angesimama pale pale kutafuta tundu kabla ya kuweka hata gramu moja.

Na gesi ikaingia kwa mizani. Mtungi umekaa juu ya mizani, namba inashuka, na mimi nasoma kwa sauti. Kwa gari iliyogeuzwa huweki gramu zilezile za R12, unaweka kama asilimia 80 mpaka 90, yeye alichagua 85, ya 900 hiyo ni 765, akafunga kwenye 765. Akaacha injini inazunguka akapima kwa kipimajoto kwenye matundu ya katikati, nje ilikuwa nyuzi 30, tukipata 9 tukiwa tunatembea na 13 tukisimama. Alinieleza mapema kwamba nikiwa kwenye foleni haitakuwa kali kama enzi za R12, kondensa ya gari hii ilichorwa kwa gesi nyingine, ila akaweka feni yenye nguvu zaidi. Aliniambia ukweli huo kabla sijalipa na nilimheshimu kwa hilo.

Watu wanaamini sana geji, na ndo kosa ambalo hata nyie mmelirudia, mmeandika fundi "aangalie geji kama gesi imepungua" injini ikiwa imezimwa. Injini ikizimwa geji zote mbili zinasoma presha ya gesi kulingana na joto la siku hiyo, basi. Kwenye nyuzi 30 R134a inasoma karibu 97 kwa psi, kile kipimo cha presha cha kwenye geji, iwe ndani kuna gramu 200 au kuna 800, alimradi kuna tone la gesi ya kimiminika limebaki mahali fulani, na R12 kwenye nyuzi hizo inasoma kama 93, yaani tofauti ambayo geji ya kawaida haiwezi hata kukuonyesha gesi gani iko ndani. Geji zinasema ukweli wake kompresa ikiwa inafanya kazi, na hata hapo zinaeleza afya ya mfumo, haziwezi kukwambia gramu. Kama haijulikani imebaki kiasi gani, njia ya uhakika ni kunyonya yote, kupima iliyotoka, kuvuta vakyumu, na kurudisha kiasi kamili. Na ile tofauti kati ya iliyotoka na iliyoandikwa kwenye kibandiko ndo inakwambia tundu lako ni kubwa kiasi gani.

Jambo lingine ambalo hamkuligusa na lina hatari ya maisha. Kwa kuwa R12 haipatikani, wapo wanaojaza gesi za kuwaka, propani na isobutani, tena zinapoa vizuri na zinachanganyika na oili ya madini bila shida ndo maana zinashawishi. Lakini evapareta iko ndani mlemle mnamokaa na watoto, ikitoboka gesi inayowaka imeingia kabini, na mbele kondensa ndo kitu cha kwanza kupondwa kwenye ajali. Mfumo wa gari ya mwaka 1990 haukutengenezwa kwa hilo. Afu kuna mitungi ya bandia imeandikwa 134 nje na ndani kuna kloridi ya methili, ambayo ikikutana na alumini inatengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa tu. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi ya melini zililipuka kwa sababu hiyohiyo na mafundi watatu walikufa. Kwa hiyo mtu akikuuzia gesi hajui ilikotoka usimruhusu afungue nozeli. Na anayejaza mwenyewe nyumbani asithubutu kuunga kopo upande wa presha kubwa injini ikiwa inazunguka, kompresa itasukuma gesi ndani ya lile kopo mpaka lipasuke mkononi. Avae miwani pia, gesi hii ikimwagika inachemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri na jicho halina mbadala.

Najua kuna watakaosema mbona tusirudi tu kutafuta R12 tuachane na usumbufu. Mi binafsi niliwahi kusema hivyo. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi hizi hazivunjiki huku chini, zinapanda mpaka juu kabisa na huko mwanga wa jua unatoa klorini inayokula ozoni, lile tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua, na mwaka 1985 Waingereza waliokuwa Antaktika wakatangaza kwamba ozoni ya huko imepungua vibaya. Mwaka 1987 nchi zikasaini Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuachana na gesi zinazokula ozoni, nchi tajiri zikaacha kutengeneza R12 kufikia mwaka 1996 na zinazoendelea kufikia 2010. R12 ikitoka inakaa hewani kama miaka 100. Yaani ile iliyovuja kwenye gari yangu wakati mi nafikiri ni uchafu wa injini, itakuwa bado iko juu mjukuu wangu akiwa mzee. Na 134 yenyewe haina klorini haiumizi ozoni lakini kilo moja ikitoka inaongeza joto la dunia sawa na kilo kama 1,430 za kaboni dayoksaidi, ndo maana nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kuipunguza taratibu, na gari mpya nyingi sasa zina R1234yf. Hiyo pia ni gesi nyingine, ina nozeli zake, isichanganywe na hizi.

Kwa hiyo kujaza mfumo unaovuja sio hasara ya mwenye gari peke yake. Lile neno mnalolitumia, kuongeza gesi, lingekuwa ni kazi mbili tofauti kwenye bei na kwenye maneno, kutafuta panapovuja kwanza, kujaza baadaye, na fundi anayeanza na ya pili bila ya kwanza mwenye gari awe na haki ya kumuuliza kwa nini. Siwalaumu vijana wa gereji. Wengi hawana mashine ya kunyonya wala mizani, wamefundishwa kijioo na mkono mbele ya tundu la AC, na gazeti linalosomwa na watu wengi likiwaambia adapta inatosha watamwamini nani tena?

Ninachoomba ni kidogo. Toleo lijalo mwandike kwenye ukurasa uleule, kwa ukubwa uleule, kwamba AC isiyopoa itafutwe panapovuja kwanza, kwamba gari ya R12 ikigeuzwa ibadilishwe oili na drayari na ivutwe vakyumu, na kwamba gesi inapimwa kwa gramu. Na mwaombe mafundi wanaosoma gazeti lenu wafanye alichonifanyia yule mzee kabla hajafunga boneti. Alikwangua kile kibandiko cha zamani nusu, akabandika kipya pembeni yake, akaandika kwa kalamu isiyofutika: R134a, gramu 765, oili ya esta, tarehe, na jina lake.

Msomaji wenu,
mwenye sedani ya 1990